Ilani ya Nyangwe

Rafiki yangu Kamaldine hapendi kulisimulia jambo hili, basi nalisema mimi. Ofisi yake ilimtuma mjini Nyangwe kubandika ilani kwenye nyumba zilizotelekezwa. Ya mwisho ilikuwa na kufuli lililoliwa na kutu na madirisha yaliyozibwa kwa matofali.

"Mama, mwenyewe iko wapi?" akamuuliza jirani.

"Tangu aingie, hatujamuona kutoka. Pigilia karatasi yako, uende!"

Kamaldine akasonya. Ilani ilimtaka mwenye nyumba ajibu ndani ya siku thelathini. Akaipigilia mlangoni kwa hasira, msumari mmoja kila pembe. Aliposhusha nyundo, mlio wa nyundo ukaendelea kusikika. Ulitoka ndani, gizani, polepole, bila papara.

Ulipokoma, ncha nne za misumari mipya zilikuwa zimechomoza mlangoni kutokea ndani, moja kwenye kila pembe ya ilani.