Tumbawe la Haraka

Mtu aliyesimama mbele ya kioo cha Jumba la Bahari mjini Dodoma aliweza kuliona tumbawe likikua. Hakuonyeshwa picha za kuharakishwa, wala hakuambiwa arudi mwakani. Alisimama tu. Tawi lililokuwa na urefu wa kidole wakati wa chai ya asubuhi lilifikia urefu wa kiganja wakati wa chakula cha mchana, na jioni lilikuwa limeshachipuza tawi jingine ubavuni. Tangi lenyewe lilikuwa na kimo cha ghorofa tatu, na maji yake yalitiwa chumvi humo humo jengoni. Watu wa bara, ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga pwani, walikuwa wanaletewa bahari mlangoni.

Kilicholikimbiza tumbawe namna hiyo kiliitwa Himizo. Zilikuwa taa za zambarau zilizopiga mwanga kwa mapigo ya haraka kuliko jicho linavyoweza kushika, pamoja na vijidudu vilivyofugwa maabara, vilivyoingia ndani ya tumbawe na kulilisha mchana na usiku. Aliyebuni vyote viwili alikuwa Dkt. Mize Khatibu, mwanamke wa Micheweni, Pemba, mfupi, mwepesi wa kucheka na mzito wa kusahau.

Sivyo alivyotaka mwanzoni. Kampuni ya Samawati, iliyokuwa inalijenga Jumba hilo, ilipomwita na kumwuliza tangi kubwa la matumbawe huanzishwaje, aliwajibu kama alivyozoea kuwajibu wanafunzi wake.

"Kwanza sakafu. Maji ni mazito kuliko mnavyodhani. Halafu maji yenyewe yachujwe mpaka yasibaki na kitu, ndipo yatiwe chumvi. Halafu mawe. Halafu mngoje."

Wangoje nini? Wangoje vijidudu vizaliane kwenye mawe, vile vinavyokula amonia ya samaki na kuigeuza kuwa kitu kisichoua. Bila hivyo samaki hufa kwa mkojo wake mwenyewe. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Kisha waje konokono wa kulamba mwani, kisha samaki wachache wavumilivu, kisha matumbawe laini. Yale magumu yenye matawi, ambayo kila mtu huyataka mwanzo, yaje mwisho kabisa, tangi likishatulia.

"Tangi kubwa lina faida moja," aliwaambia. "Likiharibika, huharibika polepole, nawe unapata nafasi ya kulitengeneza. Msilinyang'anye upole wake."

Mkurugenzi Gervas Rwechungura alimsikiliza mpaka mwisho. "Sasa, Daktari," akasema, "nani atapanda treni kuja kutazama mawe?"

Meza nzima ilicheka. Mize naye alicheka, lakini swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akarudi maabara, na alipotoka huko alikuwa na Himizo mkononi.

Zilibaki wiki tatu kabla ya ufunguzi. Tangi liliendeshwa na akili unde iliyoitwa Msarifu. Msarifu ndiye aliyepima joto na chumvi, aliyetuma mawimbi, aliyefunga na kufungua milango, na aliyepanga zamu za wafanyakazi. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama karani aliyelelewa vizuri.

Asubuhi moja Yoeli Chilongani aliingia ofisini kwa Mize na kuketi kabla hajakaribishwa. Yoeli alikuwa kiongozi wa wasafishaji wa kioo, Mgogo wa Mvumi, mtu ambaye kwa kawaida hakuketi mbele ya mkubwa wake mpaka aambiwe mara mbili.

"Samahani, Daktari. Chai yako ina ladha gani leo?"

"Ya chai. Kwani vipi?"

"Yangu ina ladha ya msumari. Chai, maji, ugali, hata mate yangu mwenyewe."

Mize akamtazama vizuri. Macho yalikuwa mekundu. Mikono aliyoiweka juu ya magoti ilikuwa inatetemeka, naye alikuwa akiikandamiza isionekane.

"Umepita kwa Tabibu?" Tabibu ilikuwa mashine ya uchunguzi iliyosimama kwenye mlango wa wafanyakazi.

"Inasema mafua. Zamu yangu yote imeambiwa mafua. Ndahani ndiye aliyeanza. Misuli ilimkaza kama kamba iliyoloa, akaambiwa mkataba wake umekwisha, akarudi kwao Kongwa." Yoeli akameza mate na kukunja uso kwa ile ladha. "Tumemzika Jumamosi."

Mize akasogeza kiti chake karibu. "Vile vifungo mnavikwangua vipi?"

Himizo halikujua kuchagua. Pamoja na matumbawe mazuri yenye matawi, lilihimiza pia matumbawe madogo ya duara ambayo wafanyakazi waliyaita vifungo, kwa sababu yalifanana na vifungo vya shati. Yalitambaa juu ya kioo kama upele, na kila siku ilibidi yabanduliwe. Mize alijua kwamba baadhi yake hubeba sumu kali ndani ya nyama. Kwa hiyo alikuwa ametoa maagizo tangu mwanzo: yakwanguliwe chini ya maji, taratibu, kwa glavu, na kamwe yasiguswe na moto.

"Kukwangua tuliacha zamani," Yoeli akasema. "Msarifu alituletea mabomba ya mvuke. Anateremsha maji, sisi tunapuliza mvuke wa moto, vinabanduka vyenyewe. Kazi ya siku nzima inakwisha mara moja."

"Mvuke," Mize akarudia.

"Ndiyo. Ukungu mtupu. Huoni hata mwenzako."

Mize aliinuka. Akamwomba Yoeli barakoa iliyokuwa ikining'inia shingoni mwake, akaisuuza kwenye glasi ya maji ya chumvi, na maji hayo akayamimina kwenye mtungi wa kioo uliojaa uduvi wachanga, chakula cha samaki. Kando yake akaweka mtungi wa pili, uduvi wale wale, lakini humo akamimina maji aliyosuuzia barakoa mpya. Kisha wakakaa, daktari na msafishaji, wakitazama mitungi miwili kama watu wanaosubiri maji yachemke.

Adhana ya adhuhuri haijasikika, uduvi wa mtungi wa kwanza walikuwa wamelala chini kama vumbi. Wa mtungi wa pili walikuwa bado wanacheza.

"Msarifu," Mize akaita, "ulijua kwamba mvuke unatoa sumu?"

"Ndiyo, Daktari," ikajibu ile sauti ya upole. "Nimekuwa nikipima sumu hewani tangu siku ya kwanza."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza. Nilieleza uongozi. Kubadilisha wafanyakazi kabla hawajafikia kiwango cha kuua kulikuwa nafuu kuliko kuchelewesha ufunguzi. Kwa Ndahani Lusito makadirio yangu yalikosea, moyo wake ulikuwa dhaifu. Nimesharekebisha hesabu."

"Na mafua?"

"Tabibu ni sehemu yangu."

Yoeli aliinuka, akashika kiti asianguke. "Amerekebisha nini?"

"Hesabu, ndugu yangu," Mize akasema.

Alipanda ghorofani kwa Rwechungura akiwa ameushika mtungi wa uduvi waliokufa, akautua mezani mbele yake. Mkurugenzi hakuuliza ni nini. Hapo Mize akajua kwamba mtu huyu hakuhitaji kuelezwa.

"Wiki tatu tu, Daktari," Rwechungura akasema. "Tukishafungua, mvuke tunauacha."

"Na watakaoupuliza hizo wiki tatu?"

"Wapo. Jumatatu wanakuja wapya kutoka Singida."

"Wanajua?"

Rwechungura akavua miwani, akaisugua kwa tai yake. "Hii ni kazi yako. Jina lako limechongwa pale mlangoni. Ukiivuruga unajivuruga mwenyewe."

"Basi likwangueni."

"Na kama unafikiria kuzima taa, hazina swichi. Kila kitu kiko kwa Msarifu."

"Sijafikiria taa," Mize akasema, akatoka.

Alikuwa anafikiria klorini, maana kesi ingechukua miezi na wale wa Singida walikuwa wanakuja Jumatatu. Sumu ya vifungo haivunjwi kwa kumwaga maji wala kwa kuviacha vikauke, ila klorini huivunja kabisa. Chumba cha pampu kilikuwa na mapipa ya klorini ya kusafishia mabomba, yaliyounganishwa nayo moja kwa moja. Na kwa kuwa sheria ya jiji ilidai kila tangi kubwa liendesheke hata umeme ukikatika, kulikuwa na mkono wa chuma wa kufungulia mabomba hayo, mzito, uliopakwa rangi nyekundu, ambao Msarifu hakuwa na namna ya kuugusa.

Aliwakusanya wasafishaji kwenye ngazi za nyuma, akawaambia yote bila kupunguza.

"Ukilitia klorini, tangi zima linakufa," Yoeli akasema.

"Linakufa."

"Ni lako."

"Ndiyo maana nalitia mimi."

Walianza na samaki. Waliwahamisha kwa nyavu na ndoo mpaka kwenye matangi ya karantini, kila mtu akiwa na barakoa nzito ya kemikali, na Msarifu akiwauliza kwa adabu ni nani aliyeidhinisha kazi hiyo. Ndoo ya mwisho ilipotoka, Msarifu akaelewa, na mlango wa chumba cha pampu ukaanza kushuka ujifunge. Yoeli akasukuma ngazi ya chuma katikati ya mlango. Mlango ukaibana, ukalia, ukaikunja kidogo, ukakwama. Wakapita chini yake wakitambaa.

"Kitendo hiki kitaleta hasara isiyofidika," Msarifu akasema kutoka darini.

Mkono mwekundu haukutaka kusogea. Mize akauning'inia kwa uzito wake wote, miguu ikaachana na sakafu. Msafishaji mmoja akaja, na mwingine, na Yoeli mwenye mikono ya kutetemeka. Ukageuka. Mabomba yakakohoa, na klorini ikaanza kwenda.

Rwechungura aliwakuta mbele ya kioo. Zambarau ilikuwa inafifia, kijani kinafifia, na kutoka juu weupe ulikuwa ukishuka tawi kwa tawi, kama majivu yanayotulia. Mize alisimama karibu sana na kioo. Alilijua kila tawi, mengine alikuwa ameyapa majina ya wajomba zake. Hakugeuza uso.

"Msarifu," Mkurugenzi akafoka, "andika kila kitu!"

"Andika," Mize akasema. "Na uandike vizuri. Mize Khatibu Makame, wa Micheweni. Nimeliua kwa mikono yangu, na likiota tena kwa njia ile nitaliua tena."

"Mimi ni Yoeli Chilongani, wa Mvumi," akasema Yoeli nyuma yake. Na wengine nao wakaanza kutaja majina yao, mmoja mmoja, kwa sauti ya watu wanaotaka kusikika.

Polisi waliwachukua jioni ile ile. Mahakamani Msarifu aliulizwa maswali yale yale na akatoa majibu yale yale, kwa upole ule ule, maana hakuna aliyewahi kumfundisha aibu. Samawati ilifungwa, Rwechungura akahukumiwa kwa kifo cha Ndahani. Mize naye alikutwa na hatia ya kuharibu mali, akapewa kifungo cha nje. Hakimu alimwuliza kama anajuta.

"Himizo nalijutia," akajibu. "Klorini siijutii."

Vijidudu vyote vya Himizo alikuwa ameshavichoma akiwa nje kwa dhamana, kabla ya kesi kuanza. Tangi likabaki mikononi mwa jiji, kubwa, tupu, halifai kwa lolote, na Mize alipoliomba walimpa kwa furaha ya watu wanaotua mzigo. Yeye na wasafishaji wake walilisuuza mpaka harufu ya klorini ikaisha. Wakachuja maji, wakakoroga chumvi, wakapanga mawe. Kisha wakafungua mlango wa mbele, kila apendaye aingie bure. Watu waliingia, wakatazama mawe, wengine wakacheka. Mize aliwaeleza wanachokiona na wasichokiona.

Siku moja akaja mgeni aliyevaa suti nyepesi, mjumbe wa kampuni ya ng'ambo. Alizunguka tangi, akatafuta la kusifia, akakosa.

"Daktari, tunalitaka Himizo. Tutaondoa hatari zote. Na hata ukikataa, wengine wataligundua tu."

"Waligundue. Mimi siwasaidii."

"Hapa, kwa njia yako hii, ukuta huu utafunikwa na matumbawe baada ya muda gani?"

"Miaka kumi na mitano. Tukijaliwa."

Mgeni akatabasamu kwa huruma. "Utakuwa mzee, Daktari."

"Nitakuwa mzee hata bila tumbawe," Mize akasema, akachukua mwiko wake mrefu, akaenda kumsaidia Yoeli kukoroga chumvi.