Picha za Mama Antoinette Hazikusubiri

Ilikuwa siku ya soko Kasulu, na foleni ya duka la steshenari karibu na stendi ilikuwa imemwagika mpaka barazani. Epifania alisimama katikati yake, kitenge chake cha bluu kimeshika vumbi jekundu kwenye pindo, akisubiri kutoa kopi ya cheti cha ubatizo. Mbele yake alikuwapo mwanamume mrefu mwenye koti la kaki, ananukia moshi na nta ya nyuki, ameshika bahasha iliyojaa picha za zamani. Dada wa dukani alikuwa akimweleza kwamba kuziingiza picha kwenye kompyuta anaweza, ila kuzipanga zipite zenyewe ukutani huku mtu anahutubia, hiyo si kazi yao.

“Kazi hiyo mimi naijua,” Epifania akasema.

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Ukweli ni kwamba aliacha shule darasa la tano, na sasa, mtu mzima mwenye cherehani yake sokoni, ndiyo kwanza alikuwa ameanza masomo ya jioni ya kompyuta kwenye ukumbi wa parokia. Wiki ile mwalimu wao, Bwana Isihaka, alikuwa amewaonyesha namna ya kuipa kila slaidi muda wake: muda ukiisha inaondoka yenyewe, na nyingine inaingia ikiteleza taratibu kama pazia. Epifania alirudi nyumbani akimshukuru Mungu kwa jambo hilo kama mtu aliyeponywa.

Mwanamume akageuka, akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu. “Kumbe nimempa mwalimu mgongo muda wote huu. Ndiyo maana mambo yangu hayanyooki.”

Hapo ndipo angepaswa kusema, mimi si mwalimu. Alicheka tu, akainamisha macho.

Jina lake Anaclet, alikuwa anauza asali Kibondo. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakikimbia vita, na sasa ukoo wote ni raia. Mama yake, Antoinette, alikuwa amefariki mwaka uliopita, na familia ilikuwa inajiandaa kuganduka, yaani ibada ya kumaliza msiba. Mjomba wake, Mzee Habonimana, angevuka mpaka kutoka Ruyigi. Mzee huyo hakumwona tena dada yake tangu siku alipokimbia akiwa msichana, na hata kwenye mazishi hakuwahi. Zile picha ndizo zingemwonyesha maisha ambayo hakuyaona. Anaclet alisema hayo kwa sauti ya chini, na Epifania akaipokea bahasha kwa mikono miwili.

Kuanzia hapo simu zikawa kila jioni. Anaclet alisoma hotuba yake kule Kibondo, na Epifania, sikio kwenye simu na kidole kwenye kompyuta ya parokia, alibonyeza kila maneno ya picha moja yalipokwisha, ili mashine ishike muda wa kila picha.

“Rudia,” alimwambia. “Ulipofika kisimani ulikimbia.”

“Nakimbia ili hotuba iishe, tuanze mambo yetu.”

“Mambo yetu yapi, Baba Asali?”

“Yale ambayo mwalimu hayafundishi darasani.”

Epifania alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga. Kila alipoitwa mwalimu, kitu kilimchoma kidogo chini ya moyo. Alijiahidi kwamba baada ya ibada angemwambia. Kabla ya kufunga mashine alisali, na ndani ya sala aliliruka jambo hilo.

Siku ya ibada alivaa gauni la kijani alilojishonea, lenye mikono mirefu na vifungo vya lulu. Kanisa la Kibondo lilijaa. Shuka jeupe lilikuwa limetundikwa mbele, projekta imewekwa juu ya meza. Anaclet, ndani ya suti nyeusi, alimpitisha kwa shangazi zake mmoja mmoja akimtaja kama mwalimu wa kompyuta kutoka Kasulu, na shangazi hao wakampa mkono kwa heshima huku wakimpima kiuno kwa macho. Mzee Habonimana aliketi kiti cha mbele, fimbo kati ya magoti, hatazami mtu, anatazama shuka.

Epifania aliinamisha kichwa juu ya mashine, akasali, akaianzisha.

Anaclet alisema sentensi yake ya kwanza, kisha akanyamaza. Katekista Nkunzimana akasimama kando yake, akaanza kuigeuza Kirundi kwa ajili ya mjomba, taratibu, akiipamba kama afanyavyo kila Jumapili.

Epifania aliinua macho kutoka kwenye mashine. Katika simu zile zote hapakuwa na mkalimani. Yeye, Muha, ambaye tangu utoto alisikia mahubiri yakisemwa mara mbili, mara Kiswahili mara Kiha, lugha ya nyumbani inayofanana na Kirundi, hakukumbuka kwamba hata marehemu angesimuliwa mara mbili.

Picha hazikusubiri. Katekista alipokuwa bado anamweleza mjomba juu ya kisima cha utotoni, Mama Antoinette alikwishazaa watoto wanne ukutani. Anaclet alipofika kwenye safari ya ukimbizi, mizigo vichwani, shuka lilionyesha mama akicheza ngoma harusini, shingo imerushwa nyuma, soda mkononi. Mtoto mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Watu wazima wakakohoa. Epifania alibonyeza ili kusimamisha, picha zikaongeza mbio. Namna ya kusimamisha hakuwa amefundishwa. Anaclet alipotamka hospitali ya Kabanga, na sauti yake ikakatika, likatokea andiko kubwa lenye maua pembeni: MWISHO. ASANTENI KWA KUSIKILIZA. Kisha giza.

Mzee Habonimana aligeuka nyuma, akauliza kwa lugha yake kama ni hayo tu.

Epifania aliifunga mashine, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakumtazama Anaclet. Alirudi Kasulu siku hiyo hiyo, na simu akaizima.

Ile aibu haikuwa ya kulia. Sokoni alishona mikono ya nguo kinyume, akafumua, akakosea tena. Alipopiga magoti alianza “Baba yetu uliye mbinguni,” akakwama hapo hapo, kama mtu aliyebisha hodi akajificha nyuma ya ukuta. Kilichomtesa zaidi ya kicheko cha watoto kilikuwa lile swali la mzee, kama ni hayo tu. Alikuwa amemnyima mtu dada yake mara ya pili.

Darasani hakuacha kwenda, kwa sababu pale ndipo palikuwa mahali pekee asipojulikana kama mwalimu. Jioni moja, Bwana Isihaka akiwa anamsahihisha namna ya kushika kipanya, Epifania alinusa moshi na nta. Anaclet alikuwa amesimama mlangoni, koti la kaki, kofia mkononi, anamtazama alivyoketi safu ya wanaoanza kujifunza.

Walitoka nje. Baridi ya jioni ilikuwa inashuka.

“Kumbe wewe ni mwanafunzi,” alisema.

“Ndiyo. Na huyo mwanafunzi alijisifu mbele yako, akamwaibisha mama yako kanisani. Nisamehe, Anaclet. Sina neno jingine.”

Anaclet aliigeuza kofia mikononi. Alisema picha zilimuuma, asingemdanganya. Lakini picha ni mashine. “Nilipogeuka nikatafuta uso mmoja wa kunishika, Epifania, nikaona kiti kitupu. Hilo ndilo lililonimaliza.”

Kisha Anaclet akamwambia lililomleta: mjomba amegoma kurudi Ruyigi. Amesema hajaganduka, kwa sababu hajamwona dada yake; ameonyeshwa mtu anayekimbia. Anataka zirudiwe, na watu wale wale wawepo.

“Atafutwe mtu anayejua,” Epifania alisema.

“Nimekuja kwa anayejua kilichoharibika.”

Alirudi ndani, akamwomba Bwana Isihaka amfundishe kuondoa muda kwenye slaidi zote, ziende kwa kubonyezwa tu. Alipomaliza, akalifuta na lile andiko la mwisho.

Kibondo, shangazi walimpokea bila kumpa mkono. Alikaa nyuma ya meza na gauni lile lile, uso ukimwaka, kidole juu ya kitufe. Anaclet akasema, katekista akageuza, na Epifania hakubonyeza mpaka maneno ya pili yaishe, na baada ya hapo akangoja mabega ya mzee yatulie. Ilipofika picha ya harusi, Mzee Habonimana alisimama, akasogea mpaka kwenye shuka, akaweka kiganja juu ya shingo ile iliyorushwa nyuma.

“Mushiki wanje,” alisema. Dada yangu. “Alicheza hivi hivi tukiwa wadogo.”

Watu wakacheka tena, na safari hii mzee alicheka nao, machozi yakifuata. Kisha akauliza huyo anayengoja kule nyuma ni wa nani.

Katekista akalisema swali hilo kwa Kiswahili. Anaclet alimtazama Epifania kupita vichwa vya watu wote. “Ni wangu, mjomba. Kama atanikubali na mimi.”

Shangazi wote wakageuka. Epifania alisikia aibu ikimpanda tena, ila hakutafuta mlango wa pembeni. Kidole chake kilibaki pale pale.

“Ngoja kwanza,” alisema. “Mjomba hajamaliza kumtazama dada yake.”

Wakangoja, kanisa zima. Mzee alipoondoa kiganja na kurudi kitini, ndipo Epifania aliposema, kwa lugha ambayo haikuhitaji katekista, “Ego.” Ndiyo.

Kisha akabonyeza.