Uzi Uliopungua

Giza lilipoanza kuingia, Mama Gundi aliwasha taa ya mezani akaendelea kushona. Jina hilo alibandikwa na majirani, kwa kuwa vidole vyake vilinata gundi hata siku ya harusi yake. Alitengeneza vitabu kwa mkono, kwa mtindo wa Wakopti, Wakristo wa kale wa Misri: mbao mbili za jalada, mgongo ulioachwa wazi, na mishono inayoshikana kama mnyororo, kila mmoja ukipita chini ya mwenzake.

Kitabu cha jioni ile kilikuwa cha binti yake, Chiriku, mtoto aliyeongea hata na ufagio. Baba yake alishafariki, na Mama Gundi hakuwa na mwingine duniani. Juu ya jalada alibandika kipande cha sufu alichonunua kwa muuza vitu vya kale. Kilikuwa na uso mdogo uliofumwa, macho makubwa yakitazama pembeni.

"Mtu alizikwa nacho hiki," muuzaji alimwambia. "Kibandike upendavyo, ila usikifumue."

"Nikifumue ili iweje?" Mama Gundi alicheka.

Sasa uzi ulikuwa umempungukia, na bado mkunjo mmoja wa karatasi haujashonwa. Mwingine angeunga kwa fundo yakaisha. Lakini mgongo ukiwa wazi fundo huonekana, na yeye kwa umaridadi wa kazi alikuwa hashikiki. Akachomoa uzi mmoja kwenye ukingo wa kile kitambaa.

Ulikuja wenyewe. Ulikuwa na unyevu.

Harufu ya udongo ikapanda puani. Alidhani gundi imechacha, akashona.

"Mama," Chiriku aliita kutoka mkekani, "nani anahema?"

"Mimi. Tulia."

Lakini alikuwa amebana pumzi, kama kawaida yake anapokaza mshono.

Hhh... hhh... hhh...

Alimaliza haraka. Sauti ile ikakoma. Chumba kizima kikawa kimya, na Chiriku hakuuliza swali la pili. Hapo ndipo hofu ilipomshika kwelikweli.

Akatazama jalada.

Uso ulikuwa umefumba macho.

Akageuka. Chiriku alikuwa ameketi wima mkekani, macho yamemtoka, yakitazama pembeni. Hayakupepesa.

"Mwanangu..."

Alimgusa shavu. Lilikuwa kavu, likakwaruza vidole kama sufu.

Mama Gundi alishika mkasi, kisha akautupa. Mnyororo ule ukiukata katikati, mishono mingine hubaki imeng'ang'ania. Hufumuliwa kuanzia mwisho. Akaitafuta ncha ya uzi, akaanza kurudi nyuma mshono kwa mshono, akilia na kumsihi Mungu. Kila mshono ulipolegea, ukope wa mtoto ulicheza. Uzi ulipotoka wote, Chiriku alipepesa macho.

"Nina kiu," alisema.

Mama Gundi alimnyanyua akamkumbatia. Shavu lilikuwa laini tena, lina joto. Alimbusu paji la uso, akambusu tena, akaapa moyoni kwamba kitambaa kile kitarudi kilikotoka kabla jua halijachomoza. Akiwa bado amembeba, aligeukia meza.

Kitabu kilikuwa hapo chini ya taa, karatasi zimetawanyika. Uso wa jalada ulikuwa umefumbua macho. Ila sasa haukutazama pembeni. Ulimtazama yeye.

Hhh... hhh...

Kisha sauti ndogo ikatoka palepale mezani. Mzazi haikosei sauti ya mwanawe.

"Mama... mbona umezima taa?"

Mikono midogo ilimkaza shingoni.

"Usimjibu," mtoto aliyekuwa mikononi mwake alinong'ona.