Pikipiki Iliyotiwa Kioo

Asubuhi ya kwanza tu, kioo kilishika mvuke mahali ambapo pumzi ya Sia haikufika.

Ulikuwa mvuke mdogo wa duara, sehemu ya chini ya kioo, usawa wa kifua chake. Sia alivaa helmeti iliyofunika uso wote, na pumzi yake iliishia humo humo. Alipunguza mwendo, akaufuta kwa glovu, ukatoka. Alipotazama tena ulikuwa umerudi, ukipanuka na kusinyaa polepole, kama vile kuna mtu amelala na pua yake imegusa kioo.

"Ukungu tu," alijisemea, akaendelea kupanda kwenda Isongole.

Alikuwa na sababu ya kutojali. Kwa mara ya kwanza tangu apangiwe kazi Rungwe, kifua chake kilikuwa na joto.

Sia alikuwa afisa ugani, bibi shamba kama wakulima walivyomwita, mzaliwa wa Kilimanjaro. Aliishi Ibighi, mjini Tukuyu, na mwanawe Allen aliyekuwa chekechea. Walikuwa wawili tu, hawana ndugu upande huu wa nchi. Kila siku ya kazi alipanda kwa wakulima wa viazi, kule juu ambako upepo hushuka kutoka mlimani ukiwa umelowa. Pikipiki aliyopewa kazini ilikuwa tupu mbele: taa, usukani, basi. Upepo wote ulimkuta yeye. Alivaa sweta juu ya sweta, akajaza magazeti chini ya koti, lakini nimonia ilimlaza, akapona, ikamlaza tena. Daktari hakumficha. "Mapafu yako yamechoka, dada. Ikikurudia tena, sitakudanganya." Aliomba uhamisho, majibu hayakuja. Na kila alipokohoa kitandani, Allen aliamka na kuuliza, "Mama, unakufa?"

Ndipo akamwendea Jotham, fundi seremala wa pale Ibighi, mtu asiyeshindwa na kazi yoyote. Jotham alikata pipa la plastiki, akalikunja kwa moto likazunguka taa, akalipaka rangi nyeusi. Juu yake akafunga kioo cha plastiki ngumu, angavu, kilicholainishwa pembe vizuri sana.

"Haya, dada Sia," alisema akipangusa mikono. "Sasa upepo utakuruka kama kunguru. Ukisikia baridi tena, njoo unitukane."

Sia hakusikia baridi. Alisikia mambo mengine.

Kwanza ilikuja harufu. Nyuma ya kioo, pale ambapo hewa ilitulia, palinuka mbao mpya, vanishi na pamba. Alidhani ni karakana ya Jotham imeganda kwenye plastiki. Akaiosha pikipiki kwa sabuni. Harufu ikabaki.

Kisha ikaja sauti. Zamani upepo ulipiga kelele masikioni mwake njia nzima. Sasa palikuwa kimya, na ndani ya ukimya ule palikuwa na mtu anayehema. Hakuwa anahema kwa hasira. Alihema kama mzee aliyepanda mlima na kuambiwa akae asubiri. Siku moja, kwenye ukungu mzito ambamo hata majani ya viazi kando ya barabara hayakuonekana, pumzi ile iliuliza, karibu kabisa na kidevu chake:

"Wamefika?"

"Bado," Sia alijibu, kabla hajajua kwamba amejibu.

Alisimamisha pikipiki. Alikaa palepale, akatazama pande zote. Hakukuwa na mtu mbele wala nyuma. Angeweza kushuka na kusukuma. Lakini alipoinuka tu juu ya kioo, upepo ulimpiga kifuani, kikohozi kikaamka, naye akarudi chini haraka, kwenye joto, karibu na yule anayehema.

Wiki ile wakulima walianza kumkimbia. Wanawake waliobeba viazi walimwona akitokea kwenye ukungu, wakatua mizigo na kuweka mikono kichwani. Mzee Erasto, mzee wa kanisa, alivua kofia na kuinamisha kichwa mpaka alipopita. Kwenye kikao cha kikundi cha wakulima alikuja mwenyekiti peke yake, Prisca, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Wenzako wako wapi?" Sia aliuliza.

"Wanakuogopa. Wanasema umepata jini." Prisca alicheka. "Mimi nikawaambia, jini gani lipande Isongole na baridi hii? Majini ni ya pwani, yanataka joto na udi. Huku yangeomba blanketi."

Sia hakucheka. Prisca akasogea, sauti ikashuka.

"Lakini bibi shamba, nikuulize. Mbele yako pale unampakia nani?"

"Mbele hapapakiwi mtu, Prisca."

"Jana nilikuona. Nyuma ya kioo hukuwa wewe. Alikuwa Mzee Asajile. Macho amefumba, pamba puani. Mzee Asajile tumemzika mvua zilipoanza, bibi shamba. Mimi mwenyewe nilipika msibani."

Sia alitazama pikipiki yake iliyosimama kando ya mtaro, kioo kikipumua.

"Ukitoe," Prisca alinong'ona. "Leo hii."

"Nikikitoa nitarudi kwenye ule upepo. Nina mtoto."

"Ukikiacha je?"

Sia alikuwa amechoka mno. Alipanda, akawasha, akaondoka. Njiani alijiambia kuwa mzee aliyekufa anayehema tu si mbaya kuliko nimonia. Wengi wetu, tukichoka kiasi kile, tungejiambia hivyo hivyo.

Lakini mgeni aliyepewa kiti haishii kwenye kiti. Siku zilizofuata Sia aligundua kwamba kila akishuka kwenye pikipiki, pumzi humkatikia. Hewa ilifika kooni na kugoma. Akirudi na kukaa nyuma ya kioo, ilishuka tena, taratibu, yenye harufu ya mbao. Jioni moja aliegesha uani kwake na hakushuka. Alikaa pale mikono usukanini wakati majirani wakiwasha majiko, moshi wa mkaa ukatambaa chini ya migomba, giza likaanza kuingia kwenye pembe za ua, naye akahisi kifua kingine kikipanda na kushuka ndani ya kifua chake, na uso wake ukilegea na kuwa mzito kama uso usio wake, mpaka akashindwa kufumbua macho, na akaona kwamba hata hataki kuyafumbua.

Mlango ulifunguliwa. Allen alikuja na kusimama mbele ya pikipiki. Alitazama kupitia kioo kwa muda, kisha akasema kwa adabu, kama alivyofundishwa:

"Shikamoo, babu."

Mdomo wa Sia ukafunguka.

"Marahaba," ulijibu, kwa sauti ya mzee.

"Mama yuko wapi?"

Swali lile ndilo lililomshusha. Alianguka upande, akatambaa hadi kwa mwanawe, akamkumbatia huku akitafuta hewa kama samaki.

Usiku kucha alihema kwa shida, na asubuhi aliendesha moja kwa moja hadi kwa Jotham. Hakushuka.

"Jotham, hiki kioo ulikitoa wapi?"

"Kimepasuka?"

"Nakuuliza ulikitoa wapi."

Jotham aliweka randa chini. Nyuma yake yalisimama makabati, vitanda, na jeneza moja ambalo halijapakwa vanishi. Sia alilitazama. Juu yake, mahali pa uso, palikuwa na tundu la mstatili likisubiri kioo.

Kule, kama kwingi nchini, jeneza huwekewa kioo usawa wa uso. Watu hupanga mstari, hupita mmoja mmoja, humtazama marehemu na kumuaga. Kisha huzikwa.

"Kilikuwa cha mzee mmoja wa Isongole," Jotham alisema bila kumtazama. "Nilikuwa nimeshakikata. Mwanawe, Ezron, akaja na jeneza la kununua dukani, la kung'aa, limefungwa kote. Hili langu wakaliacha. Mbao nikatengenezea kabati. Kioo kizima, dada, hakina hata mkwaruzo. Ningekitupa?"

"Kwa hiyo hawakumuaga."

"Mvua ilikuwa kubwa. Walizika haraka."

"Kifungue."

Jotham alichukua bisibisi. Skrubu ya kwanza ilipolegea, Sia alihisi koo limefungwa. Ya pili ilipotoka, alilala juu ya tangi, midomo imegeuka rangi. Jotham alipiga kelele, akazirudisha skrubu, hadi hewa ilipomrudia Sia kwa mlio mrefu.

"Mimi siwezi," fundi alisema. Alikuwa analia. "Mpeleke kwake, dada. Nitakufuata. Mpeleke kwao."

Nyumba ya Mzee Asajile ilikuwa juu ya barabara, na kaburi lake kando ya migomba, udongo bado mbichi. Prisca alizunguka mashambani akiita watu waje kumuaga mzee, nao walikuja na majembe yao, wamelowa, wakiogopa. Waliisimamisha pikipiki karibu na kaburi. Mzee Erasto aliomba, kisha akaanzisha wimbo wa Kinyakyusa, mstari ukapangwa.

Sia alikaa nyuma ya kioo, amefumba macho. Kioo kitupu hakiagwi, lazima uso uwepo. Alisikia miguu kwenye matope, ikija, ikisimama, ikipita.

"Nenda salama, tata, baba yetu."

"Yale mahindi nitamrudishia mama, mzee. Usiwe na neno."

"Ulinishinda kwenye bao ukaondoka. Si haki." Mtu alicheka, kisha akavuta kamasi.

Kila mmoja alipopita, uzito ulipungua kidogo kifuani mwa Sia. Mwisho ikabaki miguu myepesi iliyokuja na kusimama, isipite. Alikuwa mjane, Mama Ezron.

"Mama, sema," Mzee Erasto alimhimiza.

"Sisemi."

"Mama!"

"Niacheni. Kila asubuhi nasimama pale barabarani. Nikimwona anapita kwenye ukungu, siku yangu inakwenda. Nikisema neno hilo nitabaki na nani? Na jiko?"

"Huyu dada atakufa," Prisca alisema. "Ana mtoto mdogo."

"Namwonea huruma. Lakini na mimi nani ananionea?"

Upepo ulitingisha migomba. Sia alitaka kumsihi, akakosa pumzi, na hewa ndogo iliyokuwa imebaki ikachukuliwa na mwingine, ikapanda kooni mwake ikiwa na sauti nzito, ya mtu aliyesimama kwa muda mrefu kuliko miguu yake inavyoweza:

"Mama Ezron. Nimechoka. Huku barabarani kuna baridi. Niache nilale."

Mjane alitoa ncha ya kitenge chake, akafuta kioo taratibu, kama afutaye paji la uso la mgonjwa.

"Ndaga, mume wangu," alisema. "Ndaga, asante. Lala."

Mvuke ulitoweka. Sia alivuta hewa hadi chini kabisa, hewa baridi, yake mwenyewe, akalia kwa sauti. Jotham alifungua skrubu na safari hii hakuna aliyekabwa. Walichimba kidogo kwenye udongo wa kaburi, upande wa kichwa, wakakilaza kioo humo na kufukia.

Jumatatu Sia alipanda tena kwenda Isongole. Plastiki nyeusi ilibaki imezunguka taa, juu yake patupu. Upepo ulimngoja mahali pake pa zamani. Ulipita kwenye koti, kwenye masweta, kwenye magazeti, na kabla hajamaliza mwinuko wa kwanza kikohozi kilimshika akasimama pembeni. Alitema kwenye majani. Makohozi yalikuwa na rangi ya kutu. Alishayaona hayo mara mbili, na alijua yanakuja na nini.

Pikipiki iliyokuwa ikishuka ilisimama karibu naye. Alikuwa Lukasi, bodaboda wa Ibighi aliyekuwa akimpeleka Allen shule siku za mvua.

"Pole, bibi shamba! Mbona umekitoa kioo chako?"

Sia aliinua kichwa. Pikipiki ya Lukasi ilikuwa na kinga nyeusi mbele, na juu yake kioo angavu, pembe zimelainishwa vizuri sana.

"Nilifunga siku chache baada yako," Lukasi alisema kwa furaha. "Sema nilikuwa na abiria wa Kisondela kila siku, hujakiona. Aisee, Jotham ni fundi! Joto mpaka raha. Kifua kilikuwa kinanibana, sasa sijapiga hata chafya."

Chini ya kidevu cha Lukasi, nyuma ya kioo, palikuwa na uso wa msichana. Macho amefumba. Pamba puani. Mvuke mdogo ulipanuka kwenye kioo, ukasinyaa.

Sia alikuwa nayo maneno yote ya kumwambia. Alijua kilikotoka, alijua kinavyoanza, alijua na namna ya kukimaliza. Alifungua mdomo. Upepo ukashuka tena kutoka mlimani, ukamwingia hadi kwenye mbavu, naye akamwona Allen amesimama mlangoni peke yake, akiuliza watu mama yuko wapi.

"Lukasi," alinong'ona, "Jotham amebakiza kingine?"