Msimamizi Aliyemkataa Chiriku

"Kuanzia leo hutakuwa chini yangu. Utasimamiwa na Mama Msasa."

Chiriku alicheka. Alidhani ni utani, maana Fundi alikuwa na tabia ya kusema neno zito kwa uso mkavu, kisha akageukia ukutani kuficha tabasamu. Safari hii hakugeuka. Alisimama palepale kando ya meza ya kazi, vumbi la plasta limemganda mpaka kwenye nyusi.

"Unatania."

"Sitanii."

"Nimekosea nini?"

"Hujakosea kitu."

"Mtu hafukuzwi bure, Fundi."

"Sijakufukuza. Nimeomba ubadilishiwe msimamizi. Basi."

Akavua apuroni, akaitundika msumarini, akatoka. Chiriku akabaki ameshika mguu wa bandia ambao haujamalizika, kinywa wazi, yeye ambaye maneno hayakuwahi kumwishia.

Karakana ile ilikuwa nyuma ya hospitali, nyumba ndefu ya dirisha moja kubwa, ambamo watu waliopoteza miguu na mikono walitengenezewa mingine. Chiriku alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ameletwa na chuo chake kwa mafunzo ya vitendo. Alama za karakana zilihesabiwa kwenye matokeo ya chuo sawasawa na alama za mtihani. Bila hizo hakuna kuhitimu, hata uwe umemeza vitabu vyote.

Jina la Chiriku alipewa na wagonjwa wiki ya kwanza tu. Aliongea na wagonjwa, akaongea na mashine, akaiongelesha hata plasta ikichelewa kukauka. Fundi, aliyemzidi umri kwa miaka michache, alikuwa kinyume chake. Watu walisema yeye akikwambia "habari za asubuhi" ujue amekupa hotuba. Lakini kwa Chiriku ulimi wake ulikuwa umefunguka kidogo kidogo. Alimfundisha kufumba macho na kupapasa ndani ya kikombe, ile sehemu ya juu ya mguu inayobeba kigutu, atafute kwa vidole mahali patakapomuumiza mgonjwa. Walikunywa chai pamoja ngazini. Siku moja Chiriku alimchekesha mpaka chai ikamtoka puani, na karakana nzima ikasimamisha kazi kuja kutazama.

Kumbe siku njema haikai.

Jioni hiyo alimkuta dada yake kwenye chumba chake cha ushonaji, pini mdomoni, gauni la mteja mapajani. Wazazi wao walikuwa wametangulia mbele ya haki, na dada ndiye aliyekuwa baba, mama na mwenye nyumba.

"Mbona uso kama mvua?" dada akauliza, akitema pini.

"Fundi amenikataa."

"Amekukataa? Kwani ulimtongoza?"

"Dada! Hataki kunisimamia. Amenipeleka kwa Mama Msasa."

"Yule anayekwaruza watu?"

"Huyohuyo."

Dada akaweka gauni pembeni. "Haya, nieleze. Kulitokea nini?"

Chiriku akakaa chini sakafuni, kichwa kikaegemea goti la dada yake.

"Nilimwambia habari za mwaka jana."

Dada akampapasa kichwa. Habari za mwaka jana alizijua, alizilia pamoja naye. Mwaka jana Chiriku alipelekwa karakana nyingine, kwa msimamizi mwenye cheo na manukato. Yule bwana alimwita ofisini, akamwambia alama ni kama mlango, na ufunguo anao yeye. Akataja na mahali pa kwenda kuuchukua. Chiriku alikataa. Alama zilipotoka, alikuwa amefelishwa. Alilalamika chuoni, akaambiwa hana ushahidi, arudie mwaka.

"Akasemaje ulipomwambia?"

"Alisema pole. Akaweka patasi chini, akaniangalia kwa muda, akasema pole sana. Toka siku hiyo akawa ananikwepa. Na leo ndiyo hivyo."

"Unadhani ameogopa?"

"Ameogopa nitamsingizia na yeye. Ameniona mwanamke wa kesi." Akaokota pini sakafuni. "Au ameona kweli sifai kazi, ila hana moyo wa kuniambia."

"Mdogo wangu, mwanaume anayekimbia kivuli chake mwache akimbie. Wewe kashike kazi yako."

Hata hivyo, kabla ya kulala Chiriku alishindwa kujizuia. Akachukua simu.

"Fundi, kama nimekukosea niambie."

Jibu lilikuja upesi: "Hujanikosea hata kidogo."

"Basi kwa nini?"

Akaona upande wa pili mtu anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha. Mwisho ukaja ujumbe mmoja: "Kazi njema kesho."

Chiriku akaitupa simu kitandani kama imemuunguza.

Mama Msasa hakupewa jina lile bure. Alikuwa mkuu wa karakana, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na maneno yake yalikwaruza kila aliyepita mbele yake. Alimkabidhi Chiriku mgonjwa mmoja wa kumshughulikia mwanzo mpaka mwisho: mwalimu mstaafu, bibi mwembamba aliyekatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari.

"Mkaguzi wa chuo akija, nataka amkute huyu mama anatembea," Mama Msasa alisema. "Asipotembea, binti, usinitazame mimi."

Mguu wa kwanza ulikataa. Bibi alipiga hatua mbili kati ya vyuma vya mazoezi, akauma meno.

"Unaniuma, mwanangu. Hapa mbele."

Chiriku alipapasa kikombe, akakuna kwa msasa, akarudisha. Bado unauma. Akakuna tena. Ndiyo kwanza ukalegea. Akatupa macho upande wa pili wa karakana, Fundi yuko pale anachonga mkono wa bandia. Akajikaza, akamwendea.

"Fundi, naomba uniangalizie hiki kikombe mara moja."

Fundi alikiangalia. Vidole vyake vilisogea kidogo, kama vinataka kukipokea, kisha vikarudi kwenye patasi.

"Muulize Mama Msasa."

"Ametoka."

"Msubiri."

"Kutazama tu, Fundi? Hata kutazama?"

"Chiriku, tafadhali." Aliinamisha uso. "Msubiri."

Toka siku hiyo chiriku akanyamaza. Alifanya kazi midomo imefungwa kama bahasha. Wagonjwa waliuliza kama anaumwa jino. Hata Mama Msasa alivua miwani, akamtazama, akaguna, akavaa tena.

Ni bibi mwalimu aliyevunja ukimya, siku Chiriku alipokuwa akimfunga plasta upya ili aanze kikombe kingine kabisa.

"Nani amekuudhi?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Nimefundisha watoto maisha yangu yote, mwanangu. 'Hakuna' ya mtoto naijua."

Chiriku akaendelea kuzungusha bandeji ya plasta, mikono imelowa. "Mtu anaweza kukuamini leo, kesho akakuona hufai?"

"Anaweza. Lakini yule kijana wa pale dirishani hakuoni hufai."

Chiriku akashtuka. "Kijana gani?"

"Yule anayechonga mkono huo huo kila ninapokuja. Ukigeuka anakutazama, ukimgeukia anautazama mkono. Mimi mguu umekatwa, macho bado ninayo."

"Haniongeleshi, Mwalimu."

"Hayo sijui. Funga vizuri hapo nyuma ya goti, usije ukaniumiza kwa ajili ya mapenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza Chiriku kucheka baada ya siku nyingi.

Kikombe cha pili alikitengeneza kwa mikono yake peke yake. Alifumba macho, akapapasa, akakuna, akapapasa tena. Mkaguzi wa chuo alipofika, bwana mmoja mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, bibi mwalimu alishika vyuma, akasogea hatua moja, ya pili, akafika katikati. Akaachia vyuma. Akafika mwisho, akageuka, akarudi. Machozi yalimtiririka lakini hakuyafuta, mikono alikuwa ameinyoosha pembeni kama ndege.

"Panauma wapi?" Mkaguzi akauliza.

"Hapaumi popote. Nataka kwenda nyumbani kwa miguu yangu, nani ananizuia?"

Karakana ikapiga makofi. Mama Msasa akapenga kamasi kwenye leso, akasema kwa ukali, "Kisigino kimekaa ndani kidogo. Urekebishe," kisha akamnong'oneza Chiriku, "Umefaulu, binti. Umefaulu kwa jasho lako, asije mtu akakwambia vingine."

Chiriku akatafuta uso mmoja kati ya waliopiga makofi. Mahali pa Fundi palikuwa patupu.

Siku matokeo yalipotangazwa chuoni, simu yake iliita akiwa bado amesimama kwenye umati wa wanafunzi. Jina la Fundi. Aliiacha iite mpaka karibu ikate.

"Hallo."

"Alama zimeshatoka?"

"Zimetoka. Nimefaulu. Kama ulitaka kusikia nimefeli, pole."

"Zimepitishwa? Hakuna mtu wa karakana anayeweza kuzigusa tena?"

"Hakuna. Kwa nini unaniuliza maswali ya polisi?"

Akamsikia akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia.

"Naomba tuonane. Chagua mahali wewe, na uje na mtu ukitaka. Ukikataa sitauliza mara ya pili."

Chiriku alitaka kukataa. Mdomo ukasema, "Bustani ya hospitali. Saa kumi."

Alimkuta amekaa kwenye benchi la saruji, shati limepigwa pasi, mikono imekosa pa kukaa kwa sababu haina patasi. Chiriku hakuketi.

"Sema."

"Nakupenda."

Chiriku alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Hilo halikuwemo.

"Nini?"

"Nakupenda. Nilikupenda tangu tunakunywa chai pale ngazini, nikawa najiambia itapita. Halafu ukanieleza ya yule bwana wa mwaka jana. Usiku ule nilijiuliza, mimi na yule tuna tofauti gani? Yeye alikuwa na alama zako mkononi, na mimi ninazo. Nikikuambia nakupenda, utajisikiaje? Hata ungesema ndiyo, ningejuaje ni ndiyo ya moyo au ya cheti? Wewe mwenyewe ungejuaje?"

"Kwa hiyo ukaenda kwa Mama Msasa."

"Nikamwambia ukweli wote. Nikamwambia siwezi kumpima mtu ninayempenda, nitampendelea au nitamwonea. Akaniambia nisikuguse, nisiguse kazi yako, nisikuambie neno mpaka chuo kimalize. Siku ulipoleta kile kikombe, nilijua kilipokosea. Kwa macho tu nilijua. Lakini ningekishika, watu wangesema nimekufaulisha mimi."

Chiriku akaketi, mwisho kabisa wa benchi. Alikuwa analia, na alikasirika kwamba analia.

"Unajua nililia kiasi gani? Nilidhani mikono yangu haifai. Nilidhani umeniona muongo, mwanamke wa kusingizia watu. Uliniachia mawazo hayo niyalalie!"

"Hilo sikulifikiria."

"Hukulifikiria!"

"Nilifikiria cheti chako, nikasahau moyo wako. Nilikosea, Chiriku. Ungeweza kuambiwa tu, 'Siyo kosa lako, nitakueleza baadaye.' Maneno machache hayo nilishindwa. Mimi na maneno unatujua."

"Ungesema hayo tu ningelala usingizi."

"Nisamehe."

Muuguzi akapita akisukuma kiti cha magurudumu, akawatazama, akaongeza mwendo.

"Sitakujibu leo," Chiriku akasema hatimaye, akijifuta kwa kiganja. "Nimekaa na uzito huu muda mrefu. Na wewe ukae na wako kidogo."

"Nitakaa."

"Na usinipigie."

"Sipigi."

Hakupiga kweli. Chiriku aliichungulia simu kila mara, akamlaani kwa kutii. Wakati huo akapata kazi hospitali ya mji wa jirani, karakana ambako hakuna aliyemjua wala kumwonea huruma. Alimsimulia dada yake kila neno la bustanini, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa kicheko, mara ya tatu akiwa anatabasamu peke yake huku chai inapoa.

"Sasa huyo," dada akasema akikata uzi kwa meno, "alikuwa na nafasi ya kukushika pabaya, akaenda kujishtaki mwenyewe kwa bosi wake. Mimi ningependa nimwone sura."

Chiriku akachukua simu.

"Fundi, Jumapili njoo nyumbani. Dada anataka kukuona sura."

"Dada tu?"

"Wewe njoo."

Alikuja ameloa jasho kabla hajakaa. Dada alimkaribisha, akamketisha, akamkodolea macho kama anampima koti.

"Umekuja kwangu kama nani? Fundi wa mdogo wangu?"

"Hapana, dada. Yeye ni fundi mwenzangu sasa. Ana karakana yake, ana mkuu wake."

"Basi kama nani?"

"Kama mtu anayesubiri jibu."

Dada akaguna, akajifanya amekumbuka kitu jikoni, akaondoka akiacha mlango wazi kwa makusudi. Chiriku alihama kutoka kiti cha mbali akaja kukaa karibu naye, mabega yakagusana.

"Leo huna alama zangu," akasema taratibu.

"Sina."

"Wala huna cheo juu yangu."

"Sina hata pa kuweka mikono."

Chiriku akaishika ile mikono, yote miwili, akaiweka mapajani pake. Ilikuwa migumu na yenye mikwaruzo kama yake.

"Basi niulize tena."

"Unanipenda?"

"Nakupenda, wewe mtu wa maneno machache. Nakupenda mpaka nimechoka kukukasirikia."

Fundi akafungua mdomo. Machozi yakamtangulia. Na kabla hajapata la kusema, sauti ikapasuka kutoka jikoni:

"Nimesikia! Na huyo mtu asiondoke kabla sijachukua vipimo vya gauni lako na suti yake!"