Kichwa cha Mama Kipa

Kila Jumamosi alasiri, mama alipofunika cherehani yake kwa kitambaa, Chiriku alijua wakati wa mpira umewadia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na babake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kazi yake ilikuwa kuokota mipira nyuma ya goli. Mama alikuwa kipa wa timu ya wanawake wa mtaa wao, na washambuliaji walimwogopa kama moto.

Jumamosi moja, mchezo ukikaribia kwisha, mshambuliaji wa timu pinzani alichomoka na mpira. Mama akajitupa miguuni pake. Ukasikika mlio mkavu: goti limekutana na kichwa. Mama alilala bila kujongea, kisha akainuka taratibu, akajipangusa vumbi na kucheka. Wenzake walipomuuliza kama yu mzima, aliwaambia kichwa chake ni cha jiwe. Akacheza mpaka mwisho.

Njiani aliuliza ni nani aliyeshinda. Chiriku akamjibu kwamba timu ya mama imeshinda, mbili kwa moja. Walipofika kwenye duka la mikate, mama akauliza tena. Chiriku alidhani anataniwa, lakini alipomtazama usoni hakuona utani wowote.

Nyumbani mama alifunga mapazia, akisema jua linamchoma macho. Akaketi kwenye cherehani amalizie sare ya mteja. Uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Alijaribu, akajaribu tena, kisha akauacha na kushika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama, nimwite baba?"

"Usithubutu," mama alisema kwa sauti ya chini. "Babako akijua, ndio mwisho wangu wa mpira. Niahidi utanyamaza."

Chiriku akaahidi. Alijua mama anaogopa nini. Baba, ambaye alikuwa fundi mwashi, aliumia goti uwanjani ujanani, akaendelea kucheza nalo likiuma, na mpaka leo alipanda ngazi akiburura mguu. Hakupenda kusikia habari za mpira.

Mama akaenda kujilaza. Chiriku alibaki sebuleni, akitega sikio. Mara akasikia mama anatapika. Alimkuta amepiga magoti bafuni, ameegemea ukuta.

"Mdogo wangu," mama alimwambia, "mwambie mama naja kuteka maji."

Mama hakuwa akimtambua. Na bibi, mamake mama, alifariki kabla Chiriku hajazaliwa.

Alimwita jirani akae na mama, kisha akatimua mbio hadi kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa ng'ambo ya barabara. Baba alikuwa juu ya jukwaa, akipiga lipu. Chiriku alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno yakamkimbia.

"Mama ameumia kichwa," alisema. "Nilimwahidi sitasema."

Baba aliuachia mwiko ukaanguka, akashuka ngazi kana kwamba goti lake halijawahi kuuma.

Hospitalini, mama aliingizwa ndani kupigwa picha ya kichwa. Chiriku alikaa kwenye benchi kando ya baba. Aliogopa mambo mawili: kwamba mama atakufa, na kwamba mama atapona lakini hatamsamehe.

Hatimaye daktari alitoka. Aliwaeleza kwamba ubongo umetikiswa, ila hauvuji damu. Mgonjwa alihitaji kupumzika na kuangaliwa, na asiguse mpira mpaka aruhusiwe. Kichwa kilichotikiswa kikigongwa tena kabla ya kupona, alisema, mtu anaweza asiamke.

Waliporuhusiwa kumwona, Chiriku alisimama mlangoni, macho chini. "Nimevunja ahadi, mama."

"Njoo hapa," mama alisema, akamshika mkono. "Ahadi ile sikupaswa kukuomba. Nilikubebesha mzigo wangu."

Chiriku alimtazama baba, akingoja apige marufuku mpira. Baba alikaa ukingoni mwa kitanda, akalisugua goti lake.

"Miaka yote nimeulaumu mpira," alisema. "Kumbe goti hili liliharibiwa na kunyamaza kwangu nilipoumia."

Wiki kadhaa zilipita kabla daktari hajamruhusu mama kurudi uwanjani. Siku hiyo, kabla ya mchezo, aliwakusanya wanawake wenzake pamoja na wasichana na wavulana waliokuwa wakifanya mazoezi pembeni. Baba naye alikuwepo.

"Anayeumia aseme, atoke, atazamwe," mama aliwaambia. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Na ninyi watoto, mkiona jambo linalowatisha, semeni, hata kama aliyewafunga mdomo ni mama yenu. Mimi niko hapa kwa sababu mwanangu alisema."

Kisha akamkumbatia Chiriku mbele ya watu wote, akaenda golini.