Gemu ya Marehemu

Dishon alifika Rusinga jioni, amembebea mjane sukari na unga. Binamu yake Nicholas alikuwa amezama ziwani, na waombolezaji walishatawanyika. Metrine, mjane mwenyewe, aliingia jikoni kuchemsha chai. Hapo ndipo Dishon alipoiona juu ya kabati: mashine ya gemu ya utoto wao, yeye na Nicholas, ile ya kanda za manjano, padi zake mbili zimeviringishiwa nyaya.

Jamani, moyo ulimruka! Utotoni waliicheza hadi runinga ikachemka na mama zao wakachoka kuwafokea. Basi mtu mzima ovyo akaitia kwenye begi lake bila kuuliza. Alijua fika kwamba kwa Wajaluo vitu vya marehemu havitoki nyumbani kabla ya keyo nyinyo, yaani kugawa vyuma, siku wazee wanapogawa majembe, baiskeli na kila alichoacha. Akajidanganya kuwa siku hiyo ni ya vyuma, na hii ni plastiki tu.

Tamaa mbele, mauti nyuma.

Kesho yake, giza likiingia Homa Bay, aliichomeka kwenye runinga yake kuukuu, ile ya mgongo mkubwa. Akaipuliza kanda kama zamani. Ikawaka. Muziki wake wa kukwaruza ulimtoa machozi, maana alimkosa Nico kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Akashika padi ya kwanza. Ya pili akaiacha sakafuni.

Mchezaji wa pili akaruka.

Dishon aliacha kubonyeza. Yule kijitu kwenye kioo akaenda mbele, akarudi, akasimama kumngoja. Chumba kilianza kunuka tope la ziwa. Tk... tk... Vitufe vya padi ya pili vilikuwa vikibonyea vyenyewe.

Aling'oa plagi, akatoka nje mbio kumpigia Metrine simu.

"Shemeji! Umebeba kitu kabla ya keyo nyinyo?" Metrine alinong'ona. "Jumamosi tunagawa. Irudishe, aki. Na binti yako asiiguse."

Ndani, mtoto alikuwa anacheka.

Bintiye Awino alikuwa ameketi mkekani, padi ya kwanza mikononi, uso wake umeangazwa na runinga.

Plagi ilikuwa bado sakafuni.

"Awino... unacheza na nani?"

"Na Baba Nico. Shati yake imelowa. Anasema tusipige kelele."

Tangu hapo Awino alikataa chakula. Hata usingizini, vidole gumba vyake viliendelea kubonyeza hewa. Dishon hakutaka tena gemu wala utoto wake; alitaka mtoto wake tu.

Jumamosi aliwapeleka wote wawili Rusinga, mtoto na mashine, akakiri kosa mbele ya ukoo. Baba mkubwa Joash, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, aliliweka chini jembe alilokuwa akiligawa. Akamwita Awino.

"Alikuambia nini, nyathina, mwanangu?"

"Alisema ni yangu. Nikasema asante."

Metrine akaziba mdomo kwa kiganja.

"Tuichome, Baba," Dishon alisema. "Tafadhali. Tuichome leo."

"Mwenye mali amegawa mwenyewe, na mtoto amepokea." Mzee hakumtazama. "Nikimnyang'anya, nitakuwa mwizi kama wewe. Hata kuichoma ni kumwibia."

Akaitia mashine kwenye mkoba wa shule wa Awino, akamvika mgongoni, akarudi kwenye majembe yake. Hakuna aliyewaaga. Hata chai hawakupewa.

Njiani kuelekea barabarani Awino alitembea kwa furaha, tena akaomba ndizi, chakula cha kwanza alichokitaka baada ya siku nyingi. Dishon alipumua. Labda yamekwisha, alijiambia. Labda marehemu alitaka haki yake itendeke tu. Akamsogelea mwanawe, akanyoosha mkono kumshika wa kulia.

Ulikuwa umelowa, na baridi.

"Shika huu mwingine, Baba," Awino akasema kwa upole. "Huo ameshika."